Mshahara wa haki, kazi za heshima na fungu la wenyeji: maswali tunayoulizwa mara kwa mara kwenye kaunti

Maswali haya tumeyaokota kwenye mabaraza, nje ya misikiti na makanisa, kwenye vikundi vya akina mama, na kwenye simu za usiku za watu wasiotaka kuonekana wakiuliza mchana. Mengi yametoka Pwani ya Kenya kwa sababu ndiko tunakofanya kazi, lakini sheria tunazozitaja ni za kaunti zote 47.

Kaunti inaweza kupandisha kima cha chini cha mshahara?

Haiwezi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka viwango vya kazi chini ya serikali ya kitaifa, na kima cha chini hutangazwa na waziri wa leba kupitia Gazeti la Serikali. Tumeona vikundi vikipoteza mwaka mzima kumfuata gavana kwa jambo lisilokuwa mkononi mwake.

Ila usiondoke hapo ukidhani kaunti haina la kufanya. Kaunti ni tajiri, yaani mwajiri: inaajiri wafagiaji, askari, wauguzi na walimu wa chekechea. Ni mnunuzi: kila soko, kila barabara ya mtaa na kila choo cha umma hujengwa kwa zabuni yake. Inatoa vibali, inakodisha ardhi, inakaa meza moja na wawekezaji. Anayeajiri, anayenunua na anayekodisha ana haki ya kuweka masharti. Kazi yetu yote iko hapo: masharti hayo yaandikwe kabla ya sahihi kutiwa. Yakikosekana kwenye karatasi siku hiyo, kinachobaki baadaye ni kubembeleza.

Kima cha chini chenyewe ni shilingi ngapi?

Kuanzia 1 Novemba 2024, baada ya nyongeza ya asilimia 6, mfanyakazi asiye na ujuzi maalum katika Nairobi, Mombasa na Kisumu hapaswi kupata chini ya Sh16,113.75 kwa mwezi. Katika miji iliyokuwa manispaa zamani ni karibu Sh14,867. Kwingineko kote ni karibu Sh8,596. Juu ya hapo kuna pesa za nyumba: mwajiri asiyekupa mahali pa kulala anakuongezea asilimia 15, kwa hiyo Mombasa hesabu kamili inafika karibu Sh18,531. Kazi za shambani zina jedwali lake. Kabla ya kwenda kudai, tafuta tangazo la karibuni zaidi kwenye Gazeti la Serikali, maana viwango hubadilika.

Jedwali lina kiwango cha mwezi, cha siku na cha saa. Ukigawanya ule mshahara wa mwezi wa Mombasa, bila pesa za nyumba, kwa siku 26 unapata kama Sh620, na kiwango cha siku kilichoandikwa kiko juu ya hapo, kama inavyofaa, kwa kuwa kibarua wa siku hana uhakika wa kesho. Basi anayelipwa Sh500 Mombasa anapunjwa kwa hesabu yoyote utakayopiga.

Tazama pia pengo la kati ya mjini na vijijini. Mfuko wa saruji hauuzwi nusu bei kwa sababu umevuka mpaka wa jiji. Unga wa ugali, sare ya shule na dawa ya mtoto haviuzwi nusu bei. Sisi tunaona mgawanyo huu umepitwa na wakati, na ni sababu mojawapo ya kutaka kaunti za vijijini ziweke kiwango chao cha juu zaidi ndani ya mikataba yao wenyewe. Sheria inakataza kulipa chini ya kima; kulipa juu yake haijakatazwa popote.

Basi mshahara wa haki ni nini, ikiwa si kima cha chini?

Ni ule unaomwezesha mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki kulipa kodi ya nyumba, kula, kuoga kwa maji aliyoyanunua kwa mkokoteni, kupanda matatu kwenda na kurudi, na kumpeleka mtoto shule bila kukopa kila tarehe 15. Katika Kifungu cha 41, Katiba haikusema kima cha chini. Ilisema malipo ya haki. Fanyeni hesabu hiyo mtaani kwenu, mkiwa mmekaa na akina mama wanaokwenda sokoni, mpeleke tarakimu zenu wenyewe. Diwani hawezi kubishana na bei ya nyanya ya jana.

Mimi ni kibarua, mwaka wa tatu huu. Nina haki yoyote?

Unazo nyingi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofika mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kwa miezi mitatu, si kibarua tena. Ni mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Ana siku moja ya kupumzika kila wiki, ana likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na hawezi kuambiwa "usije kesho" bila notisi. Mwajiri anaweza kuendelea kukuita kibarua mpaka jioni. Jina hilo halibadilishi sheria.

Shida huwa ushahidi. Kijana mmoja alitujia na daftari la shule, lile la miraba la hesabu. Kila ukurasa ulikuwa mwezi mmoja. Kila siku aliyofika kazini alitia alama ya vema, Jumamosi akaandika pesa alizopewa, na pembeni fomeni aliweka herufi mbili za jina lake kwa kalamu nyekundu. Kurasa 29. Ofisini kwa afisa wa kazi hakuwa na barua ya kuajiriwa wala hati ya mshahara, alikuwa na daftari hilo tu, limeingia vumbi la saruji mpaka kwenye mshono. Afisa alilifungua ukurasa kwa ukurasa bila kusema neno, kisha akamgeukia mwakilishi wa mwajiri: "Kibarua gani huyu wa miezi ishirini na tisa?"

Tangu siku hiyo tunamwambia kila mtu: nunua daftari. Hifadhi ujumbe wa pesa zinazoingia kwa simu. Piga picha kitabu cha mahudhurio ukipata nafasi. Na usikae na dai lako, kwa sababu dai la mkataba wa kazi hufa baada ya miaka mitatu.

Tukidai mishahara bora kwenye miradi, si gharama itapanda na kaunti ikose pesa?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu wachache huwa wamekaa chini wakapiga hesabu.

Tuseme kaunti inajenga soko la Sh40 milioni. Kuna vibarua 20, wanafanya kazi siku 26 kwa mwezi, kwa miezi minne. Wanalipwa Sh500 na ninyi mnataka Sh800. Tofauti ni Sh300 kwa kila mtu kwa siku. Zidisha kwa watu 20, kwa siku 26, kwa miezi 4: unapata Sh624,000. Hiyo ni asilimia moja na nusu na kidogo ya mradi mzima. Mkifika kwenye kikao mkiwa na mstari huo mmoja ubaoni, mjadala unabadilika sura. Wengi hudhani mnaomba nusu ya bajeti.

Kisha fuata Sh624,000 hizo zinakokwenda. Zinaingia kwa mama anayepika chapati nje ya geti, kwa fundi wa viatu, kwenye karo, kwa mwenye nyumba. Kibarua hapeleki pesa zake nje ya nchi. Nyingi hulala palepale kwenye wadi.

Halafu kuna upande wa wakandarasi wenyewe. Mkandarasi anayelipa vizuri hupoteza zabuni kwa yule anayekata bei kwa kuwakata watu. Sharti la mshahara likiwa sawa kwa wote, mashindano yanahamia kwenye ufundi na mpangilio wa kazi. Wakandarasi wadogo wa hapa kwetu ndio wamekuwa wa kwanza kulielewa hilo, na wengine wamesimama kikaoni kulitetea.

Hilo sharti linaandikwa wapi hasa?

Kwenye nyaraka za zabuni, sehemu ya masharti maalum ya mkataba. Maneno yasiwe ya "mkandarasi azingatie sheria za kazi". Hayo yamo kila mahali na hayajamlipa mtu. Yawe hivi, au karibu na hivi: mkandarasi atamlipa kila mfanyakazi, wakiwemo wa wakandarasi wadogo alio nao, si chini ya kiasi fulani kwa siku, kila Jumamosi, kwa benki au kwa simu, atawakatia bima ya ajali kazini inayotakiwa na sheria ya 2007, na ataambatisha orodha ya mishahara iliyolipwa kila anapoleta dai lake la malipo kwa kaunti.

Kipande hicho cha mwisho ndicho chenye meno. Hakuna orodha, hakuna hundi.

Msiogope mkiambiwa jambo hili ni geni. Mkataba namba 94 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unahusu hili hasa: masharti ya kazi kwenye mikataba inayolipwa kwa pesa za umma. Kenya imeuridhia, na Kifungu cha 2(6) cha Katiba kinaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya nchi. Kule Marekani, jiji la Baltimore lilipitisha sheria ya namna hii Desemba 1994 baada ya makanisa na chama cha wafanyakazi kushikana mikono. Makanisa yalikuwa yameona kwamba waliopanga foleni ya chakula cha msaada walikuwa watu wenye kazi, wakiwemo waliofanya kazi za jiji kupitia makampuni. Mwaka uliofuata wakandarasi wa jiji walitakiwa kulipa dola 6.10 kwa saa, wakati kima cha taifa kilikuwa dola 4.25. Baltimore nayo haikugusa kima cha taifa. Ilisema tu: ukitaka pesa zetu, lipa hivi.

Kontrakta anasema hajatulipa kwa sababu kaunti haijamlipa. Tufanyeje?

Kuchelewa kwa malipo ya kaunti ni kweli, na madeni ya wakandarasi yamezisumbua kaunti nyingi. Lakini mshahara wako hautegemei hundi ya mtu mwingine. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri akulipe siku yako ikifika. Mwajiri wako ni kontrakta, na deni lake na kaunti ni lake.

Andikeni majina, siku na kiasi kwenye karatasi moja, kila mtu atie sahihi au dole gumba, mpeleke nakala tatu: kwa kontrakta, kwa afisa wa kazi, na kwa afisa wa kaunti anayesimamia mradi. Nakala ya tatu ndiyo watu husahau, na mara nyingi ndiyo inayoleta simu siku ya pili. Hakikisheni kila nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Ni halali kudai kazi ziende kwa vijana wa hapa kwanza?

Ndiyo, kwa mipaka. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na imetoa nafasi ya kutengea wakazi wa kaunti angalau asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti yao. Msingi upo, kwa hiyo daini takwimu: zabuni zipi zilitengwa mwaka uliopita, na zilikwenda kwa nani?

Lakini tuseme jambo moja bila kuficha. Mwenyeji ni mtu anayeishi hapa. Awe Mdigo, Mkamba, Mjaluo au Mbajuni, akiwa analipa kodi ya nyumba kwenye wadi hii na watoto wake wanasoma hapa, ni mwenyeji. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yenyewe inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi za kaunti ziende kwa watu wasiotoka kwenye kabila kubwa la kaunti hiyo. Kikundi kikianza kupanga watu kwa ukoo, sisi tunaondoka mezani. Tumeona jinsi tajiri anavyofaidika wafanyakazi wakitazamana kwa macho mabaya.

Na ulizeni kazi gani. Kijana akipewa kibendera cha kuongoza magari kwa miezi mitatu, mradi ukiisha anarudi kijiweni alikotoka. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Daini mradi uchukue wanagenzi kutoka chuo cha karibu, waondoke na cheti cha uashi, umeme au uchomeleaji.

Mkataba wa manufaa ya jamii ni kitu gani?

Ni makubaliano ya maandishi kati ya jamii na mwenye mradi mkubwa, yanayosema jamii itapata nini, lini, na nani atawajibika ikikosa. Mfano unaotajwa sana ni wa Los Angeles mwaka 2001, karibu na uwanja wa Staples Center: vikundi zaidi ya 30 vya mtaa vilikubaliana na mwenye mradi kuhusu kuajiri wakazi, mishahara, nyumba za bei nafuu na dola milioni moja za bustani. Waliupata kwa sababu walikaa mezani kabla jiji halijatoa idhini, wakati mwenye mradi bado aliwahitaji.

Kwetu sheria imeshafungua milango miwili. Wa kwanza ni Sheria ya Madini ya 2016. Mrabaha wa madini, yaani malipo anayotoa mchimbaji kwa madini aliyochimba, unagawanywa asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Zaidi ya hapo, kanuni za 2017 zinamtaka mchimbaji mkubwa awe na mkataba wa maendeleo na jamii na atenge angalau asilimia 1 ya mauzo ghafi ya mwaka.

Kwale ndiko somo lilikojifunzwa. Base Titanium, kampuni iliyochimba mchanga wa madini huko, ilisafirisha mchanga wake wa kwanza mwaka 2014, miaka miwili kabla ya sheria hiyo, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Kwa miaka mingi katikati hapo wakazi walikuwa wakiuliza asilimia 10 yao iko wapi. Fungu lilikuwa limeandikwa, njia ya kulifikisha kijijini haikuwa imeandikwa. Ukikaa na wazee wa Msambweni hawatakuuliza asilimia ngapi. Watakuuliza akaunti ni ya nani, nani anatia sahihi, na lini. Wanakijiji wa kaunti nyingine ambao sasa wanapimiwa udongo wao, chukueni maswali hayo matatu kama yalivyo.

Mlango wa pili ni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kifungu cha 36. Uwekezaji kwenye ardhi ya jamii unahitaji kukubaliwa na thuluthi mbili ya wanajamii kwenye mkutano ulioitishwa kwa kazi hiyo, na makubaliano lazima yaguse athari za mazingira, fidia na mrabaha, kurudisha ardhi katika hali yake na kuwapa watu ujuzi. Ila jamii isiyosajiliwa haina pa kusimama. Usajili kwanza, kabla ya mgeni kufika na gari lake la kioo cheusi.

Kampuni imetujengea darasa na kisima. Si ndiyo manufaa hayo?

Hiyo ni zawadi. Shukuruni, pigeni picha. Zawadi hutolewa mtoaji akipenda na huisha akichoka, na hakuna mahakama itakayosikiliza kesi ya zawadi iliyokatizwa.

Vikao vya ushirikishaji wa umma vina nguvu kweli, au ni soda na nauli?

Vina nguvu kuliko wengi wanavyojua. Aprili 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliagiza wavuvi wa Lamu zaidi ya 4,000 wafidiwe Sh1.76 bilioni kwa hasara ya ujenzi wa bandari, na kutoshirikishwa kwa wananchi kulikuwa sehemu kubwa ya kesi. Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu mojawapo ilikuwa hiyohiyo.

Sasa, kikao chenyewe kinavyokuwa. Ukumbi wa wadi, saa tatu imeandikwa kwenye tangazo, maafisa wamefika saa tano. Kitabu cha bajeti kinene, cha Kiingereza, nakala nne kwa watu mia. Afisa anasoma tarakimu haraka kama anayekimbizwa na mvua. Siku moja, kwenye kikao cha namna hiyo, bibi mmoja wa makamo, buibui limefungwa kiunoni, alisimama kabla ya kupewa nafasi akasema: "Mwanangu, nimesikia barabara itachimbwa. Itachimbwa na nani, na atalipwa ngapi?" Ukumbi ukanyamaza. Afisa akamjibu, "Mama, hilo liko kwa mkandarasi." Bibi hakukaa. "Basi liandike hapo kwamba nimeuliza."

Aliyekuwa akiandika kumbukumbu aliandika. Swali lile lilipoingia kwenye ripoti ya kikao lilipata namba, na lenye namba lazima lijibiwe. Nendeni na maswali matatu yaliyoandikwa, yasomwe na watu watatu tofauti, na msiondoke kabla ya kuona yameingia kwenye kumbukumbu. Soda kunyweni.

Tuingie wakati gani wa mwaka?

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini mlango umeshafungwa muda mrefu kabla ya hapo. Mpango wa mwaka wa maendeleo hupelekwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na mradi usiokuwamo humo una kazi kubwa ya kuingia baadaye. Mkakati wa fedha hufika kufikia 28 Februari, nao ndio unaoweka kiasi cha juu cha kila idara. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili. Vikundi vingi huamka Mei na mabango, wakati kilichobaki ni kuhamisha laki mbili tatu. Amkeni Agosti. Na kila baada ya miaka mitano kuna mpango mkubwa wa kaunti, ule unaoitwa CIDP. Sharti la kazi bora likiingia humo, mnaweza kulitaja kila mwaka.

Tutapataje nakala ya mkataba wa mradi?

Kwa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza, si lazima useme unaitakia nini, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Taja mradi kwa jina na mwaka, na uombe karatasi mahususi: mkataba, orodha ya gharama, na vyeti vya malipo. Barua ya kuomba "habari zote" hurudi na jibu la kuzungukazunguka.

Kaunti inasema mishahara imeshakula bajeti, haiwezi kuongeza mtu wala senti.

Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zimeweka kikomo: mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi zimepita hapo. Msipuuze hoja hiyo, ichunguzeni. Ombeni mgawanyo: wangapi wako ofisi kuu, wangapi mashinani? Washauri wa gavana ni wangapi? Vibarua wanaolipwa kupitia fungu la "uendeshaji" ni wangapi, ili wasihesabiwe kama wafanyakazi?

Wanaoumia ndani ya hesabu hiyo ni wale wale. Wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 waliahidiwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu ya taifa na nusu ya kaunti. Mama anayetembea nyumba hadi nyumba na mkoba wa dawa hawezi kulishwa nusu mwezi. Kaunti ikiiandika posho hiyo ndani ya sheria yake ya huduma za afya ya jamii, haitegemei tena moyo wa gavana aliyepo. Hapo ndipo pa kusukuma, wadi kwa wadi.

Nikijitokeza nitafukuzwa?

Inawezekana, na hatutakudanganya. Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, inasema kulalamika dhidi ya mwajiri au kujiunga na chama si sababu halali ya kumfukuza mtu, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huwapa watu fidia. Lakini fidia huja baada ya muda, na njaa haina subira. Ndiyo maana hatumtumi mtu mmoja mbele. Barua itiwe sahihi na wengi, majina yapangwe kwa duara ili asijulikane wa kwanza, na msemaji awe mtu asiye na mkataba na tajiri yule: imamu, mchungaji, mwalimu mstaafu.

Tujiunge na chama cha wafanyakazi au tuwe kikundi chetu?

Vyote viwili. Chama kikiandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili, mwajiri lazima akitambue na kukaa mezani kujadili mkataba wa pamoja, jambo ambalo kikundi cha mtaa hakiwezi kulidai. Kikundi cha mtaa nacho kinasimama kwenye kikao cha bajeti, mahali ambapo chama hakifiki mara nyingi.

Mheshimiwa anataka kubeba ajenda yetu kwenye kampeni. Tumpe?

Mpeni yeye na wapinzani wake wote, karatasi ileile, siku ileile. Aulizwe kila mmoja mbele ya watu, na majibu yaandikwe.

Sharti limeingia kwenye mkataba. Sasa tunapumzika?

Sasa ndipo kazi ilipo. Chagueni watu watano, wawili wakiwa wafanyakazi wa mradi wenyewe. Bandikeni kiwango cha mshahara kwenye ubao ulio getini, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani, pamoja na namba ya simu ya ofisi ya kazi. Jumamosi ya kwanza ya malipo mmoja wenu akae kwenye banda la chai lililo mkabala na geti, awe na daftari. Wanapotoka aulize swali moja tu: "Leo umepata ngapi?" Jumatatu asubuhi tarakimu hizo zilinganishwe na orodha ambayo mkandarasi amepeleka kaunti.